Picha Nzima ya Elija

Kakuma, Turkana
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu Wakesho,

Salamu nyingi zikufikie ukiwa mzima, na kama kuna kinachokuuma basi kiwe kidogo na cha kupita. Mama anaendeleaje na magoti yake? Bado anaupanda ule mlima kwenda shambani huku akikataa kusaidiwa mzigo? Na mwanao Mkamburi, lile jino la mbele limeota? Niandikie yote, hata madogo, maana huku habari za nyumbani nazila kama chakula. Mimi kwa upande wa mwili sina neno. Jua limenichoma hadi ukinikuta njiani utanipisha kama mgeni, na upepo unapasua midomo, lakini nala, nalala, na maji yenye chumvi nimeyazoea. Hata kusalimia nimejifunza. Mtu akinipita huniambia ejok, nami namrudishia ejok, tunaachana kwa heri.

Barua hii nimempa muuguzi mmoja wa Mwatate anayekuja likizo, nikamwapisha akutie mkononi mwenyewe. Ningekupigia, lakini simu ya nyumbani naijua. Mama huifungulia sauti mpaka jirani wa chini anajibu salamu. Kwa hiyo kaa mahali ulipo peke yako, usome taratibu. Mama utamwambia ukiona vyema.

Nimemwona Elija.

Sasa pumua, kisha uendelee.

Unajua nilikuja Lodwar kufanya kazi katika studio ya Bwana Ekai. Ni chumba kimoja nyuma ya duka la mabati na misumari, feni moja, pazia zito la kuzuia jua. Wanapiga picha za arusi, za mazishi, za mahafali, na matangazo ya maduka. Mimi sishiki kamera. Mimi hukaa kwenye kompyuta nikazifanya picha na maandishi yatembee. Jina la bibi arusi linajiandika lenyewe kama kwa kalamu, uso wa bwana arusi unakusogelea polepole, maua yanadondoka, maneno yanafifia. Watu wa Lodwar wanayapenda mno mambo haya. Arusi isiyokuwa na filamu ya mwanzo wanaiona kama chai ya rangi iliyoandaliwa wageni.

Aliyenifundisha ni Bahati, Mkongo wa makamo anayeishi kwenye kambi ya wakimbizi hapa Kakuma na mkewe, ambaye Bwana Ekai humwita Lodwar kazi zikizidi. Kompyuta niliyopewa ilikuwa imekula vumbi. Huku upepo ukianza, mchanga huingia hata ndani ya sufuria iliyofunikwa. Vitufe vya upande wa kushoto vilikuwa vimekufa vyote, vile ambavyo mafundi wengine hubonyeza viwili kwa pamoja, puu, kitu kimenakiliwa, puu, kimefutika. Kwa hiyo Bahati alinifundisha kufanya kila kitu kwa menyu, ule mstari wa maneno ulio juu kabisa ya skrini. Unapeleka mshale kwenye neno, unabonyeza, orodha inateremka, unasoma, unachagua. Faili. Hariri. Tabaka. Athari. Yenyewe yameandikwa kwa Kiingereza, nakuandikia kwa lugha yetu uelewe. Mwanzoni nilichukia, nikajiona kama mtu anayekwenda dukani kwa miguu wakati wenzake wana pikipiki. Bahati akanituliza.

"Usikimbilie, dada," aliniambia. "Menyu inakuambia jina ya kitu mbele ya kukifanya. Ukikifanya, ni wewe ulitaka."

Basi asubuhi moja Bwana Ekai akaingia na kifaa cha kuhifadhia picha, akakichomeka mwenyewe. Alikuwa na furaha. "Mghoi, hii ni arusi kubwa. Bibi arusi ni Akiru, yule wa duka la nguo Kakuma, watu wote wanamjua. Bwana arusi ni mtu wa huko kwenu chini. Anataka filamu ya safari ya maisha yake, ioneshwe siku ya maombi kabla ya arusi. Maneno ameandika yeye mwenyewe. Usibadilishe kitu."

Nikaenda Faili, nikachagua Ingiza. Picha zikaanza kupanda moja moja. Ya kwanza mtoto hana viatu, simjui. Ya pili mwanafunzi wa sekondari na tai imepinda. Ya tatu, dada, alikuwa amesimama mbele ya tingatinga, mkono kiunoni, anacheka na meno yote. Amenenepa. Ana kitambi cha mtu asiyeulizwa chochote na mtu yeyote.

Nikafungua maneno aliyoandika. Alisema ni yatima wa baba na mama. Alisema alikuja Turkana peke yake, hana mtu. Na chini kabisa: "Moyo wangu haukuwahi kuwa na mwenyewe mpaka nilipofika nchi hii."

Picha ya nne ni ile ya suti ya kijivu. Ameikata karibu sana na sikio ili abaki peke yake, lakini hakuikata vizuri. Juu ya bega lake vimebaki vidole vya mwanamke, na kipande cha mkono wa gauni jeupe chenye lesi pembeni. Ile lesi niliishona mimi, Wakesho. Niliishona nikiwa nimeketi kwenye kizingiti cha jikoni ukinihimiza nimalize. Vile vidole ni vyako.

Sikulia. Nilitoka nje nikasimama juani nikimtazama mbuzi akila boksi la biskuti. Unajua kilichonijia? Si siku alipoondoka kwenda Kalemng'orok, huku huku Turkana, kwa kazi ya barabara. Si zile simu zilizopungua mpaka zikawa ule ujumbe mmoja wa "usinitafute". Kilichonijia ni mazishi ya baba. Wewe umesimama langoni na kitambaa cheusi kichwani, kila mgeni akifika anauliza mume wako yuko wapi, na wewe unajibu yuko njiani, gari limeharibika, yuko njiani. Mpaka udongo unasawazishwa ulikuwa ukisema yuko njiani. Nilikushika mkono ukautoa. Siku hiyo niliapa kimoyomoyo, na nilipowaambia naenda Turkana kutafuta kazi, ilikuwa kweli, lakini njia nzima nilitazama nyuso za madereva wa malori.

Nikarudi ndani.

Picha nzima ninayo kwenye simu, siku zote ninayo. Niliihamishia kwenye kompyuta. Kisha nikaichagua ile picha iliyokatwa, nikaenda Faili, nikateremka mpaka penye amri ya Badilisha picha. Mshale ulikaa pale muda. Nilisoma lile neno kama Bahati alivyonifundisha. Nikabonyeza.

Ikaingia nzima, ila imekaa palepale ilipokaa ya mwanzo, yaani unaona uso wake tu, kwa karibu. Ndipo nilipoona la kufanya. Nikaweka alama mwanzoni, picha ikiwa karibu, uso wake umejaa skrini. Nikasogea mbele, nikaweka alama nyingine, picha ikiwa imerudi nyuma kabisa. Kompyuta yenyewe hujaza katikati. Nikaicheza. Uso wa Elija ukaanza kwenda nyuma polepole kama mtu anayetembea kinyumenyume. Bega likatokea. Vidole vikapata mkono, mkono ukapata gauni, gauni likawa wewe, unacheka na shela imekuangukia jicho moja. Halafu mchungaji. Halafu baba na kofia yake. Halafu mama yake Elija na maua, na mimi pembeni nimefumba macho kama kawaida yangu. Na chini, maneno yake mwenyewe, sikugusa hata herufi: moyo wangu haukuwahi kuwa na mwenyewe.

Nikaenda kwenye menyu ya Tabaka nikachagua Funga, ili mtu asiisogeze. Kisha Faili, Hifadhi kwa jina jingine. Zikawa filamu mbili: moja safi ya macho ya Bwana Ekai, nyingine ya ukumbini. Ekai akaitazama ile safi akasema vizuri sana. Nilikula chakula changu cha mchana nikasikia utamu wake.

Aliyeniharibia utamu ni Bahati. Kesho yake alifungua mradi kutafuta muziki, akaiona ile nyingine. Akaicheza mpaka mwisho. Akaniuliza wewe uliye pichani ni nani, nikamwambia. Akavua miwani.

"Ule mwanaume ni mushenzi, sawa," akasema. "Na ule bibi arusi? Yeye iko na kosa gani? Utamufanyia mbele ya mama yake?"

"Atajua ameokoka."

"Atajua siku watu wote wanamuangalia. Dada, hiyo mutego yako inashika watu wawili."

Nilimkasirikia. Nilimwambia yeye si ndugu yangu na hayamhusu. Lakini neno hilo sikuweza kulitupa. Nikajiuliza kama ningekuwa na hamu ya kumwona mwanamke mwingine amesimama mbele ya watu hajui aseme nini, kama ulivyosimama wewe. Sikuwa nayo. Hamu yangu ilikuwa ya Elija peke yake. Basi nikamwambia Bwana Ekai kwamba bibi arusi anatakiwa aone filamu kabla, akakubali, nikaja Kakuma na Bahati.

Duka la Akiru liko mjini, si kambini, lakini wateja wake ni mchanganyiko wote, Waturkana, Wasudani, Wasomali, Wakongo, na yeye anawajibu kila mtu kwa anachokielewa. Ni mwanamke mrefu, mtulivu, mwenye sauti ya kuamuru. Alitukaribisha vizuri. Aliagiza soda. Alivuta stuli akakaa, akaweka mikono magotini kama mtoto anayesubiri sinema, na hapo, dada, ndipo nilipotaka kukimbia.

Nikaicheza.

Alitabasamu kwenye picha ya mtoto. Alicheka kwenye tai iliyopinda. Uso wa Elija ulipoanza kurudi nyuma alisogea mbele. Wewe ulipotokea, tabasamu lake halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni likiwa halina kazi. Muziki ukaisha. Nje mteja aliita bei ya leso, hakujibiwa.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni dada yangu. Anaitwa Wakesho. Ni mke wake wa kanisani, na hawajaachana. Wana mtoto wa kike. Huyo pembeni aliyefumba macho ni mimi."

"Na huyu mama na maua?"

"Mama yake Elija."

"Mama yake ilikufa."

"Anauza ndizi sokoni Mwatate. Ukitaka nitampigia umsikie."

Alisimama. Nilidhani atanipiga. "Wewe umekuja kunicheka kwa duka yangu? Umetengeneza hii kitu vizuri hivi, na muziki, na maua, ndio unicheke?"

"Si wewe," nikasema. "Sikuitengeneza kwa ajili yako."

"Lakini ni mimi naona."

Bahati alitazama chini. Akiru akamtuma mwanamke anayemsaidia akafunge mlango wa mbele, akarudi kwenye stuli. "Cheza tena." Nikacheza. "Tena." Mara ya mwisho aliniambia nisimamishe pale wewe ulipoonekana mzima, akakuangalia kwa muda mrefu. Sikuona chuki machoni mwake. Alikuangalia kama mtu anayetazama kidonda cha mwenzake huku akipapasa pale pake.

"Nipigie huyo mama," akasema.

Nikampigia mama Elija. Alipokea kwa kelele za soko nyuma yake, akaniuliza hali, akauliza kama nimesikia lolote la mwanawe. Nikasema bado. Akiru alisikiliza sauti ile mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono akakata simu mwenyewe.

"Ngamia ya mahari imekuja kwetu. Mbuzi imekuja," akasema. "Mama yangu amekula kiapo na watu wake kwamba huyu ni mtoto sasa. Mimi nikisema tu, hii mtu ni mwongo, atasema ni maneno ya wivu, ya watu ya duka. Atalia. Analia vizuri sana, huyo. Nitasikia huruma."

"Naweza kuiondoa," nikamwambia, na Mungu ni shahidi nilimaanisha. "Iko amri kwenye menyu ya Hariri, inaitwa Tengua. Nikiichagua picha inarudi ilivyokuwa, na wewe utamaliza naye kwa njia yako, nyumbani."

Alikunja shuka moja la kitenge, akalikunjua, akalikunja tena.

"Usitengue," akasema. "Aliketisha watu wangu chini wamsikilize. Sasa wakae chini wamwangalie. Lakini mama yangu nitaketi karibu yake mimi mwenyewe."

Siku ya maombi ilifanyika Lodwar katika ukumbi wa kanisa, mchana, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi ili ukuta uonekane. Watu walijaa. Wazee wa ukoo wa Akiru walikuwa mbele na vile vigoda vyao vya kukalia. Mama yake alikuwa na shanga shingoni mpaka kidevuni, ameketi wima, na Akiru pembeni yake amemshika mkono. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na kompyuta, leso nimejifunika mpaka nyusi. Elija alipita karibu nami nikasikia manukato yake. Hakuniangalia. Mtu anayeshughulika na mitambo haangaliwi.

Alipewa kipaza sauti. Akashukuru. Akasema yeye ni mtoto wa jangwa sasa, akasema laiti mama yake mzazi angekuwa hai aone siku hii, na sauti ikamkatika, na akina mama kadhaa wakagonga ulimi kwa huruma. Akiru alisema kweli. Analia vizuri sana.

Nikapeleka mshale, nikabonyeza Cheza.

Sitakudanganya, nimeicheza filamu ile kichwani mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara naanzia pale uso wake unaporudi nyuma. Mwanzoni watu walipiga makofi, wakifikiri ni urembo. Vidole vilipopata mkono, makofi yakapungua. Ulipotokea wewe na shela yako, ukutani, mkubwa kuliko mlango, makofi yakakoma, nikasikia blanketi la dirishani likipigwa na upepo. Kisha mtu akasoma yale maneno ya chini kwa sauti, polepole, kama anayesomea wasiojua kusoma.

Elija aliruka. "Zimeni! Zimeni hiyo! Kompyuta imechanganya picha! Hawa watu wa studio wamechanganya arusi za watu!"

Bwana Ekai alikuja mbio kwangu, jasho linamtoka. Aliinama sikioni, na dada, alinipa njia ya kutoka. "Mghoi, sema ni makosa. Sema kitufe kimeteleza. Sema sasa hivi."

Ningeweza. Kila mtu angeamini, watu wanaamini lolote kuhusu kompyuta. Lakini mimi nilisimama nikavua leso.

"Si makosa," nikasema, na kwa sababu ukumbi ulikuwa kimya kila mtu alisikia. "Kompyuta hii haina kitufe cha kuteleza, vya upande wa kushoto vimekufa vyote. Kila kitu nimekichagua kwa menyu, neno kwa neno, nikisoma. Shemeji, hujambo?"

Wakesho, natamani ungeuona uso ule. Sijawahi kumwona mtu akizeeka akiwa amesimama. Alinitambua, mdomo ukafunguka, akatafuta uongo na safari hii hakuupata. Alisema jina langu tu. Kwa kulisema jina langu akawa amemaliza kesi yake mwenyewe, maana kila mtu alielewa ananijua.

Mama Akiru aliuliza kitu kwa Kiturkana. Akiru akamjibu kwa Kiswahili, nadhani alitaka Elija asikie. "Ndio mama, nilijua. Mimi nilisema iwekwe."

Yule mama akainuka. Hakupiga kelele. Alienda mpaka kwenye ukuta, akagusa picha kwa kidole pale alipo mama yake Elija, akanigeukia. "Huyu ni mzima?"

"Ni mzima, mama. Anauza ndizi."

Akamwangalia Elija. "Umezika mama yako na mdomo," akamwambia. "Mimi utanizika na nini?"

Kisha akaketi, na kuketi kwake kukawa ndiyo hukumu. Mzee mmoja akasema mifugo itabaki ilipo kwa ajili ya aibu iliyoingia nyumbani, na hakuna aliyepinga. Elija aligeuka huku na huku akitafuta uso mmoja wa kushika, akakosa, akatoka. Hakupigwa, hakutukanwa. Watu walivuta miguu yao apite, basi. Nilimfuata mpaka mlangoni nikamtazama akienda juani na suti yake nzuri, na nilisikia furaha, dada. Nakwambia kama nilivyoisikia. Ilikuwa tamu mno.

Sasa nikuambie na uchungu wake. Nilipomwendea Akiru nimshike mkono, aliurudisha nyuma. "Umenifanyia kazi nzuri," akasema. "Lakini usikuje kwa duka yangu. Nikikuona wewe nitaona hiyo picha." Nikasema sawa. Bwana Ekai naye hakunifukuza kwa ukali, aliniambia tu kwamba hakuna bwana arusi atakayeleta picha zake kwa mtu kama mimi, na hapo ana haki. Nimetoka Lodwar. Sasa niko hapa Kakuma, nafundisha pamoja na Bahati darasa la kutengeneza hizi picha zinazotembea, na wanafunzi wanaojua vitufe hunicheka ninavyopanda juu kwenye menyu kila mara. Wacha wacheke. Sijuti. Bahati ananiambia niombe Mungu anitoe hasira. Nimemwambia nitaomba, ila sijamwambia lini.

Lililonifanya nikuandikie haraka ni hili. Juzi Elija alikuja darasani. Alikuwa amekonda usoni, shati halijapigwa pasi. Wanafunzi walikuwa wanatazama, sikuwaambia watoke.

"Mghoi, umeniua," akasema.

"Bado unaongea."

"Narudi nyumbani. Huku sina mahali. Nitamwangukia Wakesho miguuni, nitamwangukia na mama. Mpigie umwambie nakuja, nisije nikafukuzwa langoni kama mbwa."

"Mwambie mwenyewe. Si ulijua kumwandikia usinitafute?"

Akalia. Nami nilikuwa nimeshaonywa kuhusu kilio chake, lakini, Wakesho, hata mimi kilinigusa mahali, nikageuka upande wa ubao. Nilipogeuka tena alikuwa ameondoka. Nasikia alipanda gari la kwenda Kitale jana. Huenda atatangulia, huenda barua itatangulia.

Nilipokuwa natengeneza ile filamu nilidhani naikata kamba yote. Naona nimekata upande wangu tu. Upande wako uko mkononi mwako na sithubutu kuuvuta. Wewe ndiye mke, wewe ndiye mama wa mtoto, na wewe ndiye unayejua kama ndani ya moyo wako kuna kiti alichobakishiwa au hakuna. Ukimfungia mlango, nitacheka mpaka Kakuma wanisikie. Ukimfungulia, sitakulaumu na sitakuuliza sababu. Ila nakuambia mapema ili lisije likawa fumbo baadaye: mimi sitalala nyumba moja naye, hata kwa usiku mmoja, hata iwe Krismasi. Mtanitafutia mahali kwa shangazi.

Nisalimie mama, umwambie nala vizuri. Nisalimie Mkamburi, umwambie mamake mdogo anamtengenezea jina lake litembee na vipepeo, nitalituma. Nisalimie shangazi yetu wa Wundanyi na mumewe fundi saa. Nisalimie mchungaji aliyewafungisha ndoa, umwambie ameonekana Lodwar na watu wamemwona mtanashati. Mpitie mama Elija pale sokoni, ununue ndizi zake, na umwombe radhi kwa niaba yangu kwa ile simu iliyokatika.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda kupita kiasi,
Mghoi

Na kama umeshamfungulia mlango na hivi sasa ameketi hapo anakutazama ukisoma, salamu hizi ni za nyumba nzima isipokuwa yeye.